Si Mama na Wana: Juu ya Ulinganishi wa Bendi za Wanyika

Kumezuka mazoea mabaya miongoni mwa wahakiki wetu wa fasihi pendwa, nayo ni kuzisoma bendi za Wanyika kana kwamba ni ukoo unaogombea urithi. Simba Wanyika huitwa mama. Les Wanyika na Super Wanyika huitwa wana, na kila uzuri unaoonekana kwa wana hurejeshwa kwa mama kama mali iliyoibwa. Dai hili tumelisikia semina baada ya semina, na tumelisoma katika tasnifu ambazo hatuna haja ya kuzitaja. Tunalipinga.

Historia yenyewe hailiungi mkono. Wilson na George Peter Kinyonga walitoka Tanga, walikopiga muziki na Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha, na mwaka wa 1971 wakaingia Mombasa na kuunda Simba Wanyika, ambayo baadaye ilihamia Nairobi. Mwaka wa 1978 Omari Shabani, ‘Profesa’ wa gitaa la rithimu, aliondoka pamoja na Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma, wakaunda Les Wanyika. John Ngereza na Issa Juma wakajiunga nao. Issa Juma naye akajitenga mwanzoni mwa miaka ya themanini na kuanzisha Super Wanyika. Sasa msomaji na atazame ni nani walioondoka 1978. Ni rithimu, besi na ngoma, yaani ule msingi ambao juu yake sauti na gitaa la solo hutembea. Ikiwa msingi wa nyumba umehama, ni nani anayeishi katika nyumba ya nani? Ndugu wa Kinyonga walilazimika kujenga upya, na walijenga vizuri. Lakini kusema kwamba waliohama walikwenda kuiga ni kusema kwamba mtu anaweza kuiga mkono wake mwenyewe.

Tena isisahauliwe kwamba utengano huo ulitokea mwaka mmoja tu baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukiwa umefungwa tangu 1977, na haukufunguliwa hadi 1983. Watunzi wenye asili ya Tanga walikuwa wakiwatungia wasikilizaji wa Nairobi kwa Kiswahili cha upande wa pili wa mpaka usiopitika. Hilo ndilo lililostahili tasnifu, wala si suala la nani alianza.

Sisi tunaoishi Githurai 45 tunalielewa jambo hili bila ya nadharia. Githurai 44 iko Nairobi. Yetu iko Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu. Ni jina moja na namba mbili zilizotokana na njia za magari ya abiria, na hatujapata kumsikia mchuuzi wa sokoni akiuliza ipi ni kivuli cha mwenzake. Nyimbo hizi zinapopigwa katika vilabu vya hapa, ubishi unaozuka haumhusu aliyemwiga mwingine. Unamhusu yule bwana wa ‘Sina Makosa’: je, kweli hana?

Wateja hao, kwa maoni yetu, ni wahakiki bora kuliko baadhi ya wenzetu. Nafsineni katika wimbo huo wa Les Wanyika anamjibu mwanamume mwenye hasira. Hoja yake ni kwamba mwanamke wanayemgombania si wa yeyote kati yao, kwa kuwa kila mmoja ana wake nyumbani. Ni utetezi wa kisheria hasa, uliopangwa hatua kwa hatua. Lakini kila hatua inamzamisha mtetezi: ili aonekane hana hatia kwa mgomvi wake, analazimika kukiri hatia nyingine mbele yetu sisi tunaosikiliza, na mbele ya huyo wa nyumbani ambaye hayupo kujibu. Jina la wimbo ni kinaya. Na huyo mwanamke wa katikati hana jina wala kauli. Wanaume wawili wanakubaliana juu ya umiliki wake kwa kukana kwamba wanammiliki. Wanafunzi wetu huambiwa watafute usemi-nafsi wa kitamthilia kwa Robert Browning. Huu hapa, na unachezeka.

Kwa akina Kinyonga hatuoni mbinu hiyo. Katika ‘Shilingi Yaua Tena Maua’ ufundi uko katika neno: kitenzi cha kuua na nomino ya ua vinagongana katika kauli moja, na pesa inakuwa kifo na pambo kwa pamoja. Hapa mtunzi anasema na ulimwengu kwa methali aliyoiunda mwenyewe; hajitetei kwa mtu. Ni ushairi wa aina nyingine, wala hautangulii ule wa kwanza kama mzazi anavyomtangulia mtoto.

Tunakiri kwamba umbo la jumla ni moja: rumba inayoanza kwa utulivu na kufunguka katika sehemu ya kuchezwa. Tunakiri pia kwamba kazi za Issa Juma hazilingani kwa ubora. Alibadilisha majina ya bendi kuliko ilivyohitajika. Lakini umbo la pamoja ni mali ya utanzu. Hakuna anayemwita Shaaban Robert mwigaji kwa sababu alitunga tarbia.

Kosa hili lina gharama. Katika mgogoro wa ushairi wa miaka ya sabini, tangu Kezilahabi atoe *Kichomi* mwaka wa 1974, wanamapokeo na wanamabadiliko walibishania vina na mizani huku wimbo wa dansi ukisikika nje ya madirisha yao. Leo wimbo huo umeruhusiwa kuingia darasani, lakini kwa sharti kwamba usomwe kama nasaba: nani alitoka wapi, mwaka gani, na nani. Maneno yenyewe hayasomwi.

Chukua ‘Sigalame’ ya Super Wanyika. Wimbo mzima unamzunguka mtu anayeulizwa aliko, mwenye biashara isiyoelezwa. Umejengwa kwa uvumi, na uvumi hauna nafsineni mmoja. Anayedai kwamba huu ni mwigo na atuonyeshe wimbo wa Kinyonga alikouchukua Issa Juma.