Risala kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Tshopo: Mzee Aulizwe Angali Anasema

Mheshimiwa Waziri, waheshimiwa madaktari wakurugenzi wa hospitali za Kisangani,

Kwa heshima zote, sisi watoto, wajukuu na wauguzaji wa wazee wa komuni za Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga, tunaleta kwenu risala hii juu ya saa za mwisho za wazazi wetu.

Malalamiko yetu ni haya:

Kwanza, mzee haulizwi. Mama ambaye saratani imemwenea mwilini na hata uji haupiti, moyo ukisimama hugandamizwa kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5. Mbavu za uzeeni huvunjika. Watoto wamesimama koridoni. Mmoja ametumwa mbio kununua adrenalini. Wiki iliyotangulia mama alikuwa akizungumza vizuri, na hakuna aliyemuuliza kama alitaka hayo.

Pili, mzee mwingine mwenye nimonia inayotibika huachwa kwa kuwa amekula chumvi nyingi, au kwa kuwa familia haijalipa. Uzee si ugonjwa, na deni si hukumu ya kifo.

Tatu, anayeachwa aende kwa amani hufa akilia kwa maumivu, maana morfini ni adimu. Jirani zetu wa Uganda, kwa kazi iliyoanzishwa na Hospice Africa Uganda mwaka 1993, huwapa wagonjwa morfini ya kunywa hata nyumbani.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 kinawapa wazee haki ya kulindwa kwa hatua maalumu. Kwa hiyo tunadai:

1. Kila mzee mwenye ugonjwa mzito aulizwe mapema, kwa Kiswahili, Kilingala au lugha nyingine anayoielewa. Jibu liandikwe kwenye fishi yake, naye awe huru kulibadili.
2. Asipoweza kusema, asikilizwe mtu aliyemchagua mwenyewe, si mwenye sauti kubwa katika ukoo.
3. Umri peke yake usiamue nani aokolewe, wala fedha zisiamue.
4. Anayekataa kugandamizwa kifua aendelee kutunzwa: dawa ya maumivu, usafi, maji mdomoni, na padri, mchungaji au shehe wake karibu.
5. Wauguzi wafundishwe kuzungumza na familia juu ya kifo.

Tunaomba mtujibu kwa maandishi na mtuite tukae pamoja. Wazee wengine wamelazwa leo, na bado wanaweza kuulizwa.