Dawa Ikikataa, Usimlaumu Mgonjwa

Hebu tuongee ukweli. Mtu akimeza dawa ya presha na presha isishuke, daktari anabadilisha dawa. Hakuna anayemwambia, "Wewe hujaamua kupona." Lakini dawa ya dipresheni ikikataa, kila mtu anageuka hakimu. Ati haombi vya kutosha. Ati anapenda kuhurumiwa.

Acheni hizo.

Binamu yangu alimeza tembe ileile karibu miaka miwili. Kila kliniki anaulizwa, "Unaendeleaje?" Anajibu, "Vilevile." Anaandikiwa ileile, anarudi nyumbani, nasi tunamwambia ajikaze. Mimi pia nilimwambia. Najuta.

Sasa sikizeni. Utafiti mkubwa wa Marekani, STAR*D, ulifuatilia wagonjwa takriban 4,000. Dawa ya kwanza iliwaondolea dalili karibu theluthi moja tu. Kwa hivyo kutopona na dawa ya kwanza si dhambi, ndiyo hali ya wengi. Ukishajaribu dawa mbili tofauti, kwa dozi ya kutosha na wiki za kutosha, na bado hakuna nafuu, madaktari huiita dipresheni sugu. Ina jina, na ina njia.

Kwanza daktari aangalie: thairoidi imepimwa? Si baipola hii, ambayo hutibiwa tofauti? Kisha kuna kuongeza lithiamu juu ya dawa. Kuna tiba ya mazungumzo. Kuna ketamini, ileile ya nusukaputi. Kuna mashine ya sumaku inayowekwa kichwani. Na ndiyo, kuna ile ya umeme mnayoiogopa kwa sababu ya sinema. Siku hizi mgonjwa analazwa usingizi kwanza, na kwa dipresheni kali ni kati ya tiba zenye nguvu zaidi. Inaweza kuvuruga kumbukumbu, kwa hivyo uliza maswali. Lakini uliza daktari, si sinema.

Mtasema, "Pesa iko wapi?" Swali zuri. Mpelekeeni gavana na mbunge wenu, si mgonjwa. Nchi hii ilikuwa na sheria ya kumshtaki aliyejaribu kujiua hadi Januari 2025, Mahakama Kuu iliposema inakiuka Katiba. Yaani seli ilikuwa tayari kabla ya kitanda!

Na wewe unayemeza na huoni tofauti: usiache dawa ghafla. Rudi useme, "Daktari, hii imekataa. Inayofuata ni gani?" Akikuandikia ileile bila kukueleza, tafuta mwingine. Hujashindwa wewe. Ni dawa imeshindwa.