Safari ya Uongo, Ushahidi wa Kweli

Wako walimu wanaoshikilia kwamba kitabu kinachomfaa kijana sharti kisimulie mambo yanayoweza kutokea. Riwaya ya Tschick, aliyoitoa Wolfgang Herrndorf wa Ujerumani mwaka 2010, inatulazimisha kuipima upya rai hiyo.

Wavulana wawili wa Berlin wenye umri wa miaka 14, Maik na Tschick, wanaondoka wakati wa likizo kwa gari la wizi aina ya Lada. Wanakusudia kufika Wallachia, huko Rumania, bila ya ramani. Mzee mmoja anawafyatulia risasi, kisha anawakaribisha kwake. Mama wasiyemjua anawalisha chakula cha mchana. Hatimaye wanapata ajali na lori la nguruwe. Msomaji makini atauliza: inakuwaje watoto waendeshe gari siku kadhaa katika nchi yenye polisi wengi kiasi kile?

Swali hilo ni la haki, lakini si kubwa. Visa vya Abunuwasi navyo havisadikiki, wala hatujaviacha kwa sababu hiyo. Jambo kubwa limo mwishoni mwa kitabu.

Maik ni mtoto wa nyumba yenye bwawa la kuogelea, ingawa baba yake anafilisika na mama yake ni mlevi. Tschick ni mhamiaji kutoka Urusi, asiye na wa kumtetea. Kesi inapokaribia, baba anamtaka mwanawe amtwike Mrusi lawama yote. Mtoto anakataa, anapigwa. Hata hivyo, mbele ya hakimu anasema kweli, na adhabu yake anaipokea. Basi nani atadai kwamba kitabu hiki kinasifu wizi?

Mwenye nacho kumtupia mnyonge mzigo wa kosa la wote wawili si jambo la kubuni. Hutokea kila siku, maofisini na madarasani. Herrndorf, aliyefariki mwaka 2013, alilifikisha kwa vijana bila mahubiri, kwa kuwachekesha njia nzima. Si ajabu kwamba riwaya hiyo ilipata tuzo ya Ujerumani ya fasihi ya vijana mwaka 2011, na ikaingia katika madarasa mengi ya huko.

Hatuna budi, tunapowachagulia vijana vitabu, kuacha kuvikagua kama askari wa barabarani. Tuwaulize wanafunzi swali moja tu: ungekuwa wewe Maik, ungemjibu nini baba yako?