Motokaa na Mapenzi ya Nchi

Wenzetu wa Kilosa na Mikumi, tumesikia karani akilaumiwa kwamba amenunua motokaa ya Kijapani, ati haipendi nchi yake. Twauliza, angenunua ya wapi? Shirika la Nyumbu liliundwa Kibaha mwaka 1985, nalo likatengeneza magari ya mfano. Lakini hata leo karani hana duka la kuinunua Nyumbu. Nyumbu tuwaonao sisi ni wale wa mbuga ya Mikumi, nao hawapandiki. Toyota iliyokwisha kutumika hushuka bandarini Dar es Salaam, usukani wake u kulia kama barabara zetu zitakavyo, na fundi wa Kilosa aijua. Tena mwenyewe huilipia ushuru, na ikiwa kuukuu, hulipa na ule wa uchakavu.

Wa kuulizwa ni anunuaye kwa fedha ya umma. Karani huagiza moja maishani. Serikali yaweza kuagiza mia kwa siku moja, na kiwanda huishi kwa mia hizo. Mbona mashangingi yapitayo hapa kwenda Iringa hayaitwi usaliti?

Kwa habari ya rangi na umbo, kila mtu na macho yake. Ila aliyekopa kwa ajili ya magurudumu yang'aayo, wanawe wakakosa madaftari, asimsingizie Mjapani.