Kemboi Hakuokota Dhahabu

Ezekiel Kemboi alitundika viatu akiwa na dhahabu mbili za Olimpiki na nne za Riadha za Dunia katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hata hivyo wapo wanaomtaja kana kwamba aliziokota medali hizo njiani. Wengi wao ni Wakenya wenzangu, na ndiyo maana madai yao yananiuma.

Dai kuu linahusu Olimpiki ya Athens 2004: kwamba alishinda kwa kuwa Saif Saaeed Shaheen hakuwapo. Kweli hakuwapo. Shaheen, mzaliwa wa Kenya aliyejulikana kwanza kama Stephen Cherono, alihamia Qatar mwaka 2003, na kanuni za Olimpiki zilimtaka asubiri miaka mitatu isipokuwa Kenya imwachilie mapema. Kenya ilikataa. Ni kweli pia kwamba Shaheen alimshinda Kemboi katika Riadha za Dunia, mjini Paris mwaka 2003 na Helsinki mwaka 2005. Lakini tazama muda wa Paris: Shaheen 8:04.39, Kemboi 8:05.11. Kijana wa miaka 21 aliachwa kwa chini ya sekunde moja na mtu ambaye mwaka uliofuata aliweka rekodi ya dunia ya 7:53.63. Athens kwenyewe hakukimbia na wanyonge. Aliyeshika nafasi ya pili, Brimin Kipruto, ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa Olimpiki miaka minne baadaye. Na hata ukiifuta Athens kwenye hesabu, bado una dhahabu tano za kueleza zilitoka wapi.

Wengine husema bingwa wa kweli lazima awe na rekodi ya dunia, na Kemboi hakuwahi kuwa nayo. Mjini Monaco mwaka 2011 alikimbia 7:55.76, muda wake bora maishani, lakini usiku huo Brimin Kipruto alimaliza mbele yake kwa 7:53.64, akiikosa rekodi kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Sikatai kwamba katika mbio za kukimbiza saa walikuwapo waliomzidi. Ila mbio za namna hiyo huwa na wawekaji kasi wanaolipwa kuvuta kundi mizunguko ya mwanzo. Fainali ya ubingwa haina mtu wa kukuvuta. Kila mmoja anamvizia mwenzake, na mwenye papara hulipia mwishoni. Huko ndiko Kemboi alikokuwa mfalme: Berlin 2009 alishinda kwa 8:00.43 bila mwekaji kasi yeyote, na hadi leo hakuna aliyekimbia kasi hiyo katika Riadha za Dunia.

Takwimu hiyo ya Berlin inajibu pia wanaosema kwamba alikuwa akijificha nyuma tu, kisha anachomoka mwishoni. Fainali ya Olimpiki ya London 2012 ilikuwa ya mwendo wa pole, naye akaishinda kwa 8:18.56. Kati ya mbio hizo mbili kuna tofauti ya sekunde 18. Mtu mwenye mbinu moja tu angeanguka katika mojawapo. Tena kuchomoka katika mbio hizi si jambo dogo. Mkimbiaji huruka viunzi 28 na kidimbwi cha maji mara saba, na kiunzi chenyewe ni boriti nzito yenye kimo cha sentimita 91.4 ambayo haianguki ukiigonga, unaanguka wewe. Kuongeza kasi mguu ukiwa mzito, viatu vimelowa, na bado ukafika kwenye kiunzi cha mwisho kwa hatua iliyopimwa vizuri, ni ufundi wa miaka. Mimi naona Kemboi aliujua kuliko yeyote wa kizazi chake.

Kuhusu kucheza kwake baada ya ushindi, na jinsi alivyonyoa nywele zake Daegu 2011, mambo ambayo wengine huyaita dharau, sina mengi. Alicheza baada ya kuvuka mstari. Mjini London, Mahiedine Mekhissi-Benabbad wa Ufaransa, aliyekuwa ametoka kushindwa naye, ndiye aliyembeba mikononi kwa furaha. Kama mpinzani hakuona dharau, sisi tuliokaa mbele ya televisheni tunaiona wapi?

Olimpiki ya Rio 2016 ndipo penye uchungu. Alivuka mstari akiwa wa tatu, akatangaza kustaafu, kisha Ufaransa ikakata rufaa: picha zilionyesha kwamba baada ya kutoka kwenye maji mguu wake ulikanyaga nje ya njia. Akaondolewa kwenye matokeo, na shaba ikaenda kwa Mekhissi yule yule. Uamuzi ulikuwa halali. Kanuni haiulizi kama ulikusudia wala kama ulifaidika. Lakini kutoka hapo hadi kumwita mdanganyifu ni kumwonea. Hatua moja ya mtu wa miaka 34 aliyechoka, akitua kutoka majini, si hila. Alirudi akakimbia Riadha za Dunia za London mwaka uliofuata na kumaliza wa 11. Wengine wanaita hiyo aibu. Mimi naona ni mtu aliyekataa kuagwa kwa karatasi ya rufaa.

Limebaki dai linaloonekana kama sifa kwa taifa: kwamba mbio hizi ni zetu kwa kuzaliwa, na Mkenya yeyote angeshinda. Kemboi, mzaliwa wa Marakwet, alimaliza shule mwaka 1999 ndipo Paul Ereng, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 1988, akakiona kipaji chake. Baada ya hapo alishindwa mara nyingi: fedha tatu mfululizo za Riadha za Dunia, kisha nafasi ya saba katika Olimpiki ya Beijing 2008, wakati wengi waliamini amekwisha. Dhahabu zake zote nne za dunia zilikuja baada ya siku hiyo. Kuanzia Amos Biwott mwaka 1968 hadi Conseslus Kipruto mwaka 2016, wanaume wa Kenya walitwaa dhahabu ya viunzi na maji katika kila Olimpiki tuliyoshiriki, dhahabu 11 kwa jumla. Wanaume waliozileta ni kumi, kwa sababu ni Kemboi peke yake aliyeileta mara mbili. Na Tokyo na Paris, Olimpiki mbili zilizofuata, dhahabu ilikwenda Morocco kwa Soufiane El Bakkali, huku Wakenya wakiwa uwanjani.