Mteja wa Kwanza Yuko Mwaloni

Orodha ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Kifaransa. Mvuvi usiku, taa ikimmulika uso. Mama akianika ndagala, anatabasamu. Mtoto mbele ya maji ya ziwa yaliyoingia nyumbani, hatabasamu. Mteja, shirika moja lenye ofisi Bujumbura, ndiye aliyeiandika. Mimi nilikuwa mbeba begi wa mpiga picha kwa siku mbili. Tulifika Rumonge mwezi ukiwa mpevu.

Anayeijua Tanganyika ameshacheka. Ndagala huvuliwa kwa taa: mwanga huwavuta juu, wavu ukawazoa. Mbalamwezi ikilifunika ziwa lote, taa ya mvuvi haina kazi, na kwa siku kadhaa mitumbwi hulala mchangani huku wenyewe wakishona nyavu. Mpiga picha wetu alifanyaje? Alimlipa kijana mmoja akae ndani ya mtumbwi uliofungwa, akawasha taa, akapiga. Naambiwa picha hiyo ndiyo iliyopendwa kuliko zote.

Huo ni uongo, na ulianza siku orodha ilipoandikwa, kabla kamera haijatoka begini. Tumezoea kuamini kwamba kazi ya mteja huanzia kwenye matakwa yake na kuishia katika chumba chenye projekta, yeye akichagua na sisi tukitikisa kichwa. Watu waliopigwa picha tunawapita kama tunavyoipita michikichi ya kando ya barabara ya Rumonge.

Mpango wenyewe siupingi. Naupinga ule unaopangwa bila kumuuliza mtu wa mwaloni. Simu moja kwa mvuvi yeyote ingetuambia tusubiri giza, na ingetugharimu kidogo kuliko mafuta ya gari, ambayo siku hizi kila Mrundi anajua foleni yake. Mama tuliyemtaka atabasamu naye angetuambia mapema. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. "Mwanangu," aliniambia, "nicheke nini na ndagala wangu wamelowa?" Hapo ndipo palipokuwa na picha: ndagala wasiokauka huoza, na mtaji wake ulikuwa umetandazwa pale mchangani. Lakini haikuwamo kwenye orodha.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Mwaka 1936 Dorothea Lange, akiwa kazini kwa idara ya serikali ya Marekani, alimpiga picha mama mmoja na watoto wake katika kambi ya vibarua wa mashambani huko California. Picha ikazunguka dunia. Jina la mama huyo, Florence Owens Thompson, lilikuja kujulikana kwa umma mwaka 1978, naye alilalamika kwamba hata jina hakuulizwa.

Wenzangu wananijibu kwamba anayelipa ndiye anayeagiza. Sawa, aagize. Lakini mteja aliyepokea picha ya uvuvi wa usiku wa mbalamwezi ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Siku akiionyesha mbele ya mtu aliyekulia Rumonge au Kigoma ataaibika, na atatafuta mpiga picha mwingine. Nimesikia pia kwamba wenyeji watadai pesa. Wengine watadai, ndiyo. Kijana wa mtumbwini hatukumlipa? Tulimlipa aigize.

Basi naomba mambo mawili yaingie katika mkataba, na katika masomo yetu pia. Siku ya kwanza mwaloni iwe ya kuuliza, kamera ikiwa begini. Na kabla mteja hajaona chochote, picha zirudi mwaloni, hata kwa simu, maelezo yake yasomwe kwa Kiswahili au Kirundi, na mwenye sura awe na haki ya kusema hii hapana. Kwa mtoto, aulizwe mzazi. Najua jambo la pili ni gumu: mzee wa kwetu humwitikia mgeni "ndiyo" kwa heshima tu, hata kama moyoni amekataa. Ndiyo maana swali liulizwe mara mbili, na mara ya pili mpiga picha asiwepo.

Tulipokuwa tunafunga mabegi, mama wa ndagala aliniuliza picha yake ataiona lini. Nilimwambia wiki ijayo. Imepita miezi saba.