Nyundo Ilitangulia Kiti cha Enzi

Watoto wetu shuleni hufundishwa majina ya falme za kale za Afrika ya Magharibi: Ghana, Mali na Songhai. Huambiwa habari za Mansa Musa, mfalme wa Mali, aliyepita Kairo mwaka 1324 akienda Makka, akagawa dhahabu nyingi hata thamani yake ikashuka katika mji ule. Ni habari njema, na yafaa zifundishwe. Lakini sisi twauliza: mbona hadithi hiyo hukomea mlangoni mwa mfalme, isifike katika kiwanda cha mhunzi?

Mali haikuanza na dhahabu. Zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, watu wa Nok, katika nchi ambayo leo ni Nigeria, walikwisha kujua kuyeyusha chuma. Baadaye mafundi wa Ife walisubu vichwa vya shaba kwa ustadi mkubwa. Mjerumani Leo Frobenius alipoiona sanaa ya Ife mwaka 1910, alidai kuwa asili yake ni Wayunani wa kale. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wa wakati ule: Mwafrika akionekana na kitu kizuri, huulizwa amekipata kwa nani.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mali mwaka 1352, alikuwa amekwisha kufika Kilwa mwaka 1331, akausifu kuwa ni miongoni mwa miji mizuri. Twajua kwamba Kilwa ilitajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala. Lakini dhahabu haijengi ukuta. Walikuwako watu waliokata matumbawe, waliochoma chokaa, na waliopandisha makuba ya msikiti mkuu ambayo mpaka leo yatazamwa kwa mshangao. Walikuwako waliogonga sarafu za shaba zenye majina ya masultani wa hapo. Na wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta vigae vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea nyuzi za pamba. Majina ya masultani twayasoma. Ya mafundi hayakuandikwa popote.

Tutazame bara. Huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, chuma kilianza kuyeyushwa yapata miaka 2,000 iliyopita. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya, walioifanya kazi hiyo ujanani, walijenga tena tanuri kwa kukumbuka tu. Walichoma matete ya bwawani katika shimo la tanuri, wakapanga mkaa na mawe ya chuma, wakaingiza mabomba ya udongo na kuvuta mivukuto. Wataalamu wawili wa Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, waliopima kazi hiyo, walitangaza mwaka 1978 kwamba tanuri za namna ile zilitoa chuma cha pua.

Katika milima ya Upare, mapokeo ya Ugweno yaliyokusanywa na mwanahistoria wetu Isaria Kimambo yasema kwamba watawala wa mwanzo walikuwa Washana, ukoo wa wahunzi. Baadaye Wasuya waliwapindua na kujenga ufalme wenye mabaraza na taratibu zake. Lakini mpinduzi naye alihitaji jembe na mkuki, na Washana wakaendelea na uhunzi wao. Hata Wachaga wa Kilimanjaro walikitegemea chuma cha Upare. Basi ni dhahiri kwamba nyundo ilitangulia kiti cha enzi, na kiti kilipobadili mwenyewe, nyundo ilibaki.

Ni nini basi kilichoizima mioto hiyo? Si ujinga wa wazee wetu. Majembe ya viwanda vya Ulaya yaliingia kwa wingi na kwa bei nafuu, na utawala wa kigeni haukuwa na haja ya mhunzi wa Kiafrika. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 tanuri za Buhaya zilipoa. Kijana hakuona faida ya kujifunza kazi isiyompa mkate, na mzee alipofariki alikwenda na elimu yake kaburini. Ufundi hauuawi kwa risasi. Hufa kwa kukosa mrithi.

Twayasema haya tukiitazama Kariakoo. Jina lake latokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, watu waliobeba mizigo ya wengine. Soko lake kuu lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Moto uliliunguza Julai 2021. Leo maduka ya mtaa huo yamejaa bidhaa za ng'ambo. Hatua chache tu kutoka hapo, Gerezani, fundi huokota chuma chakavu, akakinyosha, akakifanya jiko, karai au mlango. Huyo ndiye mrithi wa Mshana na wa Mhaya, ijapokuwa hajaambiwa.

Hatusemi milango ifungwe. Kilwa iliishi kwa biashara, na mfanyabiashara ni mtu wa haki. Twasema kwamba Kilwa ilinunua na pia ilitengeneza. Taifa linalouza tu vya wenzake ni mpagazi mwenye duka.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, mpango wa VETA wa kupima na kutambua ujuzi wa fundi aliyejifunza kazini uwafikie mafundi wa Gerezani palepale walipo, wala wasingojewe waache kazi kuufuata. Pili, ofisi na shule zinaponunua madawati, milango na majiko, zimtazame kwanza fundi wa mtaani. Naye kwa upande wake atoe kazi imara kwa siku aliyoahidi, kwani heshima ya fundi ni kazi yake. Tatu, walimu wawapeleke watoto Makumbusho ya Taifa, kisha siku hiyohiyo wawapitishe Gerezani, waone kwamba yale ya kale na haya ya leo ni kazi moja.

Wazee wa Buhaya walikuwapo bado walipoulizwa, ndiyo sababu twajua. Mafundi wetu nao wapo leo. Tuwaulize, tuwaandike, tuwape vijana wa kufundisha. Tusingoje kuja kuchimbua mavi ya chuma ya Gerezani ili tujue kwamba hapo palikuwa na watu wenye akili.